Asilimia Tatu ya Nini? Fani ya Maandishi Kuhusu Mafuta ya Tairi

Mwaka 2001 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, nchini Kanada, walichapisha makala kuhusu utengenezaji wa dl-limonini kwa pirolisisi ya matairi yaliyotumika, katika ombwe. Majina yao ni Hooshang Pakdel, Dana Magdalena Pantea na Christian Roy. Maneno hayo niliyoyataja ndiyo karibu kichwa kizima cha makala. Kwa mwanakemia, kichwa hicho kimemaliza kazi yake: kimetaja kilichopatikana, kimetaja njia, kimetaja malighafi. Kwa aliyezoea kuhakiki mashairi na hadithi, kazi ndiyo kwanza inaanza, maana kila sehemu ya kichwa hicho imebeba mzigo ambao mwili wa makala utalazimika kuulipia.

Limonini ndiyo inayolipa ganda la chungwa harufu yake. Viwanda huitumia katika manukato, katika sabuni za usafi, na kama kiyeyushi cha grisi na rangi. Tairi halina chungwa ndani yake. Lina mpira wa asili uliochanganywa na mpira wa viwandani, masizi meusi yanayolipa rangi na uimara, waya za chuma, nyuzi, salfa, oksidi ya zinki, na kemikali nyingine za kuharakisha kazi ya salfa. Pirolisisi ni kulipasha tairi hilo joto kali mahali pasipo na hewa, ili livunjike badala ya kuungua. Hutoka gesi, hutoka mafuta mazito yenye rangi ya kahawa iliyokolea, hubaki makaa na waya. Ndani ya mafuta hayo, pamoja na mamia ya kampaundi nyingine, imo limonini.

Sisi wahakiki tumezoea kugawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Tunapofika kwenye maandishi ya sayansi tunawaachia wenyewe maudhui, na fani hatumwachii mtu; inabaki yatima, kana kwamba ripoti ya maabara haina mtindo. Inao. Tena katika somo hili la mafuta ya tairi nimekuja kuamini kwamba thamani ya kemikali hutengenezwa kwanza na fani, ukurasani, kabla haijatengenezwa kiwandani. Wakati mwingine huishia hapo hapo ukurasani.

Tuanze na zile herufi mbili ndogo, d na l. Molekuli ya limonini ina maumbo mawili, la kulia na la kushoto, ambayo yana atomi zilezile zilizoungwa kwa mpango uleule, lakini moja haliwezi kulazwa juu ya jingine yakalingana. Mchungwa hutengeneza karibu umbo moja tu, kwa sababu vimeng'enya vya mmea vina upande wake. Moto hauna upande. Mnyororo wa mpira ukikatika kwa joto, vipande viwili vya isoprini hushikana na kufunga pete, na pete hiyo hutoka ya kulia au ya kushoto kwa uwezekano sawa. Basi yule aliyeandika dl kichwani alikiri asili ya bidhaa yake kabla ya kuitangaza: hii ni limonini ya tanuri, si ya shambani. Kwa kiyeyushi cha grisi tofauti hiyo haina uzito. Kwa mtengeneza manukato ina uzito mkubwa. Nimeona muhtasari mwingi wa habari hizi ambao umeziacha herufi hizo mbili njiani, na limonini ya tairi ikasimama bega kwa bega na ya chungwa bila maelezo. Hapo ndipo udanganyifu wa kifani huanzia, na haukuhitaji hata neno moja la uongo.

Kabla ya kwenda mbele inafaa kurudi nyuma, kwa sababu aina hii ya maandishi ina ukoo mrefu kuliko tairi lenyewe. Michael Faraday alichambua mpira mwaka 1826 akaonyesha kwamba ni kaboni na hidrojeni kwa uwiano wa 5 kwa 8. Mjerumani Himly, mwaka 1835, aliuchemsha mpira, akaukusanya mvuke wake, na kioevu kimoja kilichotoka akakiita kauchini. Mwaka 1860 Mwingereza Charles Greville Williams aliwasilisha mbele ya Royal Society ya London andiko lake kuhusu isoprini na kauchini. Ndiye aliyeipa isoprini jina hilo.

Andiko la Williams lina sifa ambayo sijaiona tena katika maandishi ya karne yetu kuhusu jambo lilelile. Mwandishi ana vidole na ana pua. Anaeleza jinsi isoprini yake ilivyoachwa ikakutana na hewa, kisha alipoichemsha ikabadilika kuwa kitu cheupe chenye vitundu kama sifongo, chenye kunyumbuka. Anaeleza kama kitu hicho kilinata vidoleni au la. Anaeleza kilivyoanza kupenyeza mwanga, kuanzia ukingoni hadi ndani. Halafu anakichoma, na harufu inayotoka ni ileile ambayo watu walidhani ni ya mpira peke yake. Angalia mpangilio huo: jicho, kidole, jicho, pua. Ni msimulizi anayemzungushia msomaji kitu mkononi kabla ya kumwambia ni nini. Williams hakusema kwamba ametengeneza mpira upya, na historia ya kemia imebishana kuhusu alichokiona hasa. Lakini kwa kuwa alisimulia badala ya kutangaza, ushahidi wake umebaki ukitumika hata baada ya nadharia za wakati wake kupitwa.

Katika andiko hilo mna pia jambo la kinamba ambalo msomaji wa leo anaweza kulipita. Williams anaandika isoprini kama C10H8 na kauchini kama C20H16. Mwanafunzi wa sekondari atasema amekosea. Hakukosea: wakati ule wanakemia wengi waliihesabu kaboni kuwa na uzito wa 6 badala ya 12, kwa hiyo idadi ya kaboni inaonekana mara mbili ya tunayoiandika sasa. Irekebishe, nayo inakuwa C5H8 na C10H16. Ila hata bila kurekebisha, jicho linaona kwamba fomula ya pili ni ya kwanza ikizidishwa mara mbili. Uhusiano wote wa mpira na limonini umo katika jozi hiyo. Baadaye Otto Wallach, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910, alionyesha kwamba limonini ya kulia na ya kushoto zikichanganywa sawa kwa sawa zinatoa dipentini, na kauchini ya kale ikatambulika kuwa ndiyo dipentini hiyo. Kwa maneno mengine, limonini ya mpira uliopikwa ilikuwa imekwishawekwa kwenye chupa na kupewa jina miaka mingi kabla ya gari la kwanza.

Sasa tuvuke hadi mwaka 1993. Christian Roy, yuleyule wa Laval, alipewa hataza Marekani kuhusu urejeshaji wa bidhaa zenye thamani ya kibiashara kutoka kwenye matairi chakavu. Hataza ni utanzu wenye kanuni kali kuliko ushairi wetu wa kimapokeo. Madai yake yanapewa namba, na kila dai, hata likijaza nusu ukurasa, sharti liwe sentensi moja. Dai la kwanza huwa pana kadiri mwanasheria anavyoweza kulitanua bila kupasuka. Yanayofuata hulirudia na kulibana kidogo kidogo: kama ilivyo katika dai la 1, ambapo joto ni kiasi fulani, kama ilivyo katika dai la 2, ambapo mgandamizo ni kiasi fulani. Marudio hayo hufanya kazi ya kibwagizo katika wimbo: yanamrudisha msikilizaji kwenye kauli moja kila baada ya hatua, mpaka kauli yenyewe ionekane kama kitu kilichokuwapo siku zote. Tofauti ni kwamba kibwagizo cha hataza kina kinga ya mahakama.

Mbinu moja ya utanzu huu inastahili tuisogelee. Katika desturi ya hataza za Marekani, majaribio yaliyofanyika kweli huandikwa kwa wakati uliopita. Mfano ambao mvumbuzi hajaufanya, bali anaukadiria tu, unaruhusiwa kuwekwa, ila usiandikwe kwa wakati uliopita. Ndiyo kusema tofauti kati ya kilichotokea na kinachotarajiwa inabebwa na kiambishi cha wakati peke yake. Kwa Kiswahili jambo hili lina hatari ya pekee. Tunayo -li- ya tukio lililokwisha, na tunayo hu- ya mazoea, ambayo masikioni mwetu ina nguvu kuliko -li-, maana inasema jambo hili ndivyo lilivyo siku zote. Mfasiri akiichukua sentensi ya makadirio akaandika kwamba mafuta "hutoa" limonini kiasi fulani, ameipandisha ndoto cheo ikawa ada. Angeandika "yanatarajiwa kutoa," angekuwa ameokoa ukweli kwa neno moja la ziada. Magazeti yetu yanapochukua habari za teknolojia kutoka nje, hu- hiyo imetapakaa kila mahali, na mhariri haigusi kwa sababu kisarufi haina kosa.

Kisha kuna kichwa chenyewe cha hataza. Kinadai urejeshaji. Waya ya chuma imo ndani ya tairi, na ukiitoa umeirejesha kweli. Masizi nayo yamo, ingawa hutoka yamechanganyika na majivu, zinki na mabaki ya makaa mapya. Fundi wa viatu vya tairi naye, kule tunakoviita akala na kule tunakoviita makatambuga, anarejesha kilichomo: mpira wenyewe, umekatwa tu. Lakini limonini haikuwamo. Benzini, tolwini na zailini hazikuwamo. Zimezaliwa tanurini kutokana na kuvunjika kwa minyororo. Makala ya 2001 ilikuwa na unyofu zaidi hapa, kwani ilisema utengenezaji. Na lile neno la thamani, ambalo hataza inaliweka mlangoni kabisa? Hataza haina wajibu wa kutaja bei ya kitu chochote. Thamani imeingia kama kivumishi, imeketi, na hakuna aliyeiuliza kadi ya mwaliko.

Hata hivyo, sehemu yenye utajiri mkubwa wa kifani katika maandishi haya ni ile isiyosomwa na wahakiki hata kidogo: jedwali la asilimia. Nitakaa hapa.

Chukua mfano wa hesabu ya mkono, wenye namba zinazofanana na zinazokutwa katika tanuri za aina hii. Una kilo 100 za tairi. Ukizipika, unapata mafuta kilo 45. Ndani ya mafuta hayo mna limonini kilo 3. Ukiyachemsha mafuta na kukusanya ile sehemu nyepesi inayotangulia kutoka, unapata, tuseme, kilo 9, na limonini karibu yote imo humo. Sasa andika ripoti. Unaweza kusema limonini ni asilimia 3, ukimaanisha ya tairi. Unaweza kusema ni karibu asilimia 7, ukimaanisha ya mafuta. Unaweza kusema ni asilimia 33, ukimaanisha ya sehemu nyepesi. Kauli zote tatu ni kweli. Kilo ni zilezile 3. Kilichobadilika ni asili, ile namba ya chini ya sehemu, ambayo katika muhtasari wa makala mara nyingi haitajwi kwa sababu mwandishi anadhani inaeleweka. Msomaji anayeruka kutoka makala moja hadi nyingine anaweza kuamini kwamba teknolojia imepiga hatua mara kumi, kumbe watu wawili wamegawanya kwa namba tofauti.

Asili ya nne ndiyo mbaya kuliko zote. Mashine inayochambua mafuta haipimi uzito moja kwa moja. Inachora vilele, na kompyuta inapima eneo lililo chini ya kila kilele. Waandishi wengi huchukua eneo la kilele cha limonini, hulilinganisha na jumla ya maeneo yote, na kuandika asilimia. Hiyo ni asilimia ya vilivyoonekana. Vitu vizito visivyoweza kupita mashineni havikuhesabiwa, vimeachwa nje ya asili, na limonini imenenepa bila kula. Anayetaka uzito wa kweli sharti apime kwanza limonini safi ya kiasi anachokijua, kisha alinganishe. Kazi hiyo huchukua mstari mmoja katika sehemu ya mbinu. Ukiukosa mstari huo, jedwali zima lisome kama tashbihi.

Jedwali zuri, kwa upande mwingine, linaweza kusimulia. Mwaka 1998 Cunliffe na Williams wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha uchunguzi wa mafuta ya matairi yaliyopikwa kwa joto kati ya nyuzi 450 na 600. (Huyu ni Williams mwingine, miaka 138 baada ya yule wa kwanza; mtunzi wa riwaya angekatazwa na mhariri wake kutumia sadfa ya namna hiyo.) Katika namba zao limonini inaanzia karibu asilimia 3 kwenye joto la chini na kupungua joto linapopanda, huku kampaundi za jamii ya benzini zikiongezeka. Soma safu hiyo kutoka juu kwenda chini kama unavyosoma ubeti. Mhusika anazaliwa na moto, kisha moto uleule uliomzaa unamvunja, na mabaki yake yanajiunga na umati. Limonini ni kitu cha njiani. Haikai tanurini, ama inatolewa upesi, ama inageuka kitu kingine.

Ukishaliona hilo, lile ombwe lililotajwa kichwani mwa makala ya Laval linaacha kuwa pambo la kiufundi. Kufyonza hewa na mvuke ndiyo njia ya kumtoa mhusika jukwaani kabla hajauawa: mvuke unavutwa nje ya joto kabla haujapata muda wa kuvunjika tena. Kichwa cha makala kilikuwa kimefunga msuko wote ndani ya neno moja, na jedwali la mji mwingine kabisa ndilo linaloufungua. Hii ndiyo raha ya kusoma maandishi haya kwa pamoja. Moja moja ni makavu kama makapi.

Tumefika kwenye picha. Kila makala ya aina hii ina kromatogramu, mchoro unaotokana na kuyapitisha mafuta, yakiwa mvuke, ndani ya mrija mwembamba sana wenye urefu wa mita 30 au zaidi. Vitu vyepesi hutoka kwanza, vizito baadaye, na kigunduzi mwishoni mwa mrija huchora kilele kila kitu kinapopita. Muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Mwandishi huvipa vilele namba, kisha chini ya mchoro hutoa orodha ya majina. Kilele cha limonini kwa kawaida kinasimama wazi, kirefu, chembamba, na jicho linakwenda pale moja kwa moja. Ndivyo mchoro ulivyokusudiwa.

Lakini acha vilele, utazame chini yake. Katika mchoro wa kitu safi, mstari wa msingi hulala chini bapa kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mchoro wa mafuta ya tairi mstari huo mara nyingi unainuka katikati kama mgongo, unabaki juu kwa muda, kisha unashuka. Mgongo huo ni kampaundi nyingi mno zilizotoka kwa pamoja, kila moja kidogo, hata mrija umeshindwa kuzitenganisha. Haukupewa namba. Haumo kwenye orodha ya majina. Mwandishi hausemi, na mchoro hauwezi kuuficha. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika makala nzima, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeitunga.

Tena mgongo huo na majirani wa kilele ndio wanaoamua mkate wa kiwanda. Limonini huchemka kwenye nyuzi 176 hivi. Trimethilibenzini ya 1,2,3 nayo huchemka kwenye nyuzi 176. Para-simini, ambayo ni limonini iliyopoteza hidrojeni, huchemka kwenye 177. Indani iko hapo hapo. Mrija mwembamba wa maabara, wenye mita zake 30, unaweza kuwatenganisha majirani hawa vizuri tu, na kila mmoja akapata kilele chake. Mtambo wa kiwandani wa kuchemsha na kupoza hauwezi kwa urahisi, kwa maana hutenganisha vitu kwa tofauti ya mchemko, na hapa tofauti yenyewe ni kama haipo. Kwa hiyo mchoro unaonyesha mtengano ambao kiwanda hakitaufikia kwa njia hiyo. Huo si uongo wa mwandishi. Ni tabia ya chombo. Lakini fani inayoweka kilele safi kwenye ukurasa wa 4 na neno la thamani kwenye ukurasa wa 1, bila sentensi moja ya kuunganisha mchoro na mtambo, imemwachia msomaji avuke mto pasipo daraja.

Na kuna harufu. Salfa iliyotumika kuuimarisha mpira haipotei motoni. Sehemu yake huingia kwenye mafuta kama kampaundi za jamii ya thiofini, na kemikali zilizoharakisha kazi ya salfa huacha benzothiazoli. Baadhi ya thiofini hizo huchemka karibu na limonini na kuifuata mpaka kwenye chupa. Makala za kisasa huiweka habari hii kama namba, kiasi cha salfa katika mafuta, mara nyingi karibu asilimia 1, kwenye jedwali la sifa za mafuta kama kuni: uzito, mnato, nishati, salfa. Ni mahali sahihi kwa anayetaka kuyachoma mafuta. Kwa anayetaka kuyauza kwa watengeneza manukato, mahali pake pangekuwa karibu na kilele cha limonini, kwenye sentensi inayosema wazi kwamba kioevu hiki kinanuka. Namkumbuka Williams wa 1860 na kidole chake na moto wake. Angelitusimulia harufu hiyo kabla ya kutupa namba yoyote, na mnunuzi angeokoa nauli.

Kuna umbo jipya zaidi la maandishi haya, na nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa ni la kihasibu kuliko la kikemia. Mwaka 2020 kampuni ya BASF ya Ujerumani iliwekeza euro milioni 16 katika Pyrum Innovations, kampuni ya Dillingen inayopika matairi. Mafuta hayachambuliwi kutafuta limonini. Yanamiminwa mwanzoni mwa mitambo mikubwa ya kemikali pamoja na malighafi itokanayo na mafuta ghafi, na yakishachanganyika hakuna molekuli inayoweza kutambuliwa ilitoka wapi. Kinachofanyika ni kuweka daftari: kiasi kilichoingia kinahesabiwa, kinathibitishwa na wakaguzi, kisha kinatajwa kuwa kimo katika bidhaa iliyochaguliwa. Hapa msimulizi amehama kabisa kutoka maabara hadi ofisi ya uhasibu. Sioni kuwa huo ni udanganyifu, mradi daftari liwe wazi, na kwa kweli lina faida moja ya kifani: asili ya sehemu lazima iandikwe, la sivyo mkaguzi hasaini. Lakini ndoto ya limonini, ile ya kutoa kitu chenye jina na harufu yake kutoka kwenye takataka, imeachwa nje ya mlango. Tairi limerudi kuwa kaboni na hidrojeni tu, kama Faraday alivyoukuta mpira.

Nikiulizwa ni andiko lipi kati ya haya ni bora, nitajibu bila kusita kwamba ni la Greville Williams, ingawa kemia yake imepitwa. Makala ya 2001 ina kichwa kizuri kuliko vyote. Namba za Leeds ndizo zinazosimulia vizuri zaidi. Hataza ni kazi ya ustadi ambayo singependa kuisoma tena. Mengi kati ya maandishi yaliyofuata, ya watafiti na ya wauza mitambo, nayaona yameazima kichwa cha hataza na kilele cha kromatogramu, yakaacha mgongo, majirani, herufi mbili na pua.

Wenzangu mnaoandika sayansi kwa Kiswahili, nawaomba mawili. Mkiandika asilimia, iandikeni asili yake ndani ya sentensi ileile, si kwenye tanbihi: asilimia 3 ya uzito wa tairi, asilimia 7 ya mafuta. Na mkitafsiri jaribio, angalieni kwanza kama lilifanyika ndipo mchague kati ya -li- na hu-. Wahariri nao wakikutana na mtambo unaotangazwa kuwa unageuza matairi kuwa kemikali za thamani, waombe kromatogramu, waichapishe ikiwa nzima pamoja na mstari wake wa msingi, na wamwulize mwenye mtambo amekwisha kumuuzia nani limonini hiyo, na kwa usafi gani.